Jicho la Muzee Kambale kwenye Picha Kubwa

Asubuhi ile nilifunga chumba changu pale Butembo, nikaning'iniza kamera shingoni, nikatoka bila kujua ninakokwenda. Kamera ilikuwa mpya, na kamera mpya ni kama viatu vipya: haikubali kukaa nyumbani. Kwenye kona nilimpungia mkono mwendesha pikipiki wa kwanza aliyepita.

"Papa, tunaenda wapi?"

"Hii moto yako inaangalia wapi?" nikauliza, nikigusa pikipiki.

"Beni."

"Basi twende Beni."

Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Papa, franga ya kwenda Beni uko nayo, mais sababu ya kwenda hauna?"

"Sababu nitaikuta kule."

"Bon. Shika muzuri. Na ile kamera uifiche mu koti. Vumbi ya hii njia haina adabu."

Ninawaandikia ninyi vijana mnaokuja kwangu na simu zenu, mkiniuliza, "Papa Photo, tununue kamera ya pikseli ngapi?" Kazi nimeiacha, mgongo hautaki tena kuinama mbele ya maharusi. Mdomo ndio haujastaafu. Kwa hiyo badala ya kuwajibu mmoja mmoja, nitawasimulia safari ile, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha picha kubwa ni kitu gani.

Niliacha shule mapema, kabla hesabu hazijawa ngumu, basi pikseli nitawaeleza kwa maharagwe. Mama anaanika maharagwe kwenye mkeka. Akiwa nayo mengi, mkeka wote unafunikwa. Akiwa na machache na mkeka ni mkubwa, yanaachana, nawe unaanza kuona harage moja moja na nafasi katikati. Picha ni hivyo hivyo. Kila harage ni nukta moja ya rangi. Kamera yangu ya zamani ilinipa maharagwe ya kujaza sahani: kwa picha ya kadi ya uchaguzi yalitosha, na kwa picha ya kuweka juu ya kabati yalitosha pia. Hii mpya ilinipa gunia zima. Unaweza kuyaanika kwenye mkeka wa ukubwa wa ukuta na bado mkeka usionekane. Lakini mtu akikupa gunia zima la maharagwe, jua kwamba amekupa na kokoto zake.

Muzee Paluku, aliyenifundisha kazi katika studio yake nyuma ya soko, alilijua jambo hilo kabla ya kompyuta kufika kwetu. Yeye alikuwa wa enzi za filamu. Alichonga penseli mpaka ncha ikawa kama sindano, akashika filamu mbele ya dirisha, akaziba chunusi za watu moja baada ya nyingine, akiwa ameshikilia pumzi. Siku niliyompelekea kamera mpya aione, aliigeuzageuza, akanirudishia, akasema: "Picha ndogo ni rafiki ya mutu. Picha kubwa ni polisi."

Nilicheka. Juma lililofuata sikucheka. Mteja wangu wa kwanza na kamera ile alikuwa Papa Katembo, muuza mabati, aliyetaka picha yake ya ukubwa wa mlango aitundike siku ya kufungua depo mpya. Alivaa koti, tai na saa ya dhahabu. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera alikuwa mfalme. Picha ilipotoka, ndefu kumpita mwenyewe, uliona kila unywele wa pua zake, na kwenye saa uliona nailoni ya dukani ambayo hakuibandua. Mnatujua sisi watu wa Butembo: kitu kipya tunakiacha na nailoni yake, iwe kiti, redio au friji, ili kila anayepita ajue ni kipya. Nilijiandaa kugombezwa kwa ajili ya nywele za pua. Papa Katembo akasogea, akaitazama saa, akasema kwa uchungu:

"We Photo, sababu ya nini haukupanguza vumbi juu ya nailoni?"

Hiyo ndiyo kamera niliyokuwa nimeificha kotini kwenye njia ya Beni.

Tulifika mchana. Njaa iliniingiza kwenye mgahawa wa mbao, wa bugali na sombe ya majani ya muhogo, mwenyewe akiwa mama mnene aliyefunga kitambaa cha njano. Jina lake Mama Kavugho. Aliweka sahani mbele yangu, akabaki amesimama.

"Ile kamera inapigaka watu, ao inalala tu ku shingo yako?"

"Inapiga, mama."

"Na mutu muzee anatokaka muzuri mu ile kamera?"

"Mutu anatoka vile iko."

"Ile njo kitu sipendi kusikia," akasema, akavuta kiti, akakaa.

Ndivyo nilivyopata sababu ya kuja Beni. Mama Kavugho alikuwa présidente wa kamati ya akina mama wa parokia. Katekista wao, Muzee Kambale, alikuwa karibu kufanya jubile ya dhahabu, na wao waliamua kushona pagne, vitenge vyenye sura yake. Ninyi mnajua jambo hili lilivyo zito. Mtu ambaye sura yake imechapwa kwenye pagne hafi kabisa. Atabaki akitembea mjini juu ya migongo ya akina mama mpaka kitambaa kigeuke tambara la deki. Mfanyabiashara wa Butembo aliyechukua kazi ya kuchapisha alikuwa ameikataa picha waliyomtumia.

Mama Kavugho alinionyesha picha yenyewe kwenye simu. Uso wa mzee ulikuwa umegeuka vipande vya mraba, kama ukuta wa vigae vya choo.

"Ilitoka kwa nani?" nikauliza.

"Alipiga Masika. Masika akatumia Kahindo, Kahindo akatumia mume yake, mume yake akanitumia."

Hapo, vijana, shikeni somo. Kila mara mnapotuma picha kwa ujumbe wa simu, simu inaiminya ili ipite upesi. Njiani maharagwe yanamwagika, na hakuna anayerudi kuyaokota. Picha ikipita kwa watu wanne, inafika ganda tupu. Ikiwa ni picha ya kuchapisha kubwa, itume kama faili, si kama picha, au iweke kwenye flashi uipeleke kwa mkono. Na kosa la upande wa pili lipo pia, nami nililifanya. Katika harusi moja ya baadaye pale Beni nilipanga kamera kwenye ukubwa wa mwisho, nikapiga maua, viti, keki, mashangazi wote waliojipanga. Bibi arusi alipofika mlangoni mwa kanisa, kadi ya kamera ilikuwa imejaa. Nilisimama katikati ya njia, jasho likinitoka, nikifuta mashangazi mmoja mmoja ili bibi arusi apate nafasi ya kupita. Shangazi mmoja hadi leo hanisalimii.

Kesho yake, mwanga ukiwa bado laini, nilikutana na Muzee Kambale kwenye uwanja wa kanisa. Mtu mrefu, koti la kahawia, ndevu chache nyeupe. Alikuja akipitisha vidole ukutani, polepole, nikadhani ni heshima ya jubile.

"Muzee, muniangalie hapa."

"Njo nakuangalia," akasema, akiwa ameukazia macho mkaratusi uliokuwa pembeni yangu.

"Hapa, Muzee. Ku sauti yangu."

"Ah, uko pale! Piga basi, mi hapana ngombe ya kuuza, usinizunguke sana."

Nilimpiga amesimama, ameketi, akiwa kushoto, akiwa kulia. Mchana tukakusanyika na kamati katika chumba cha parokia, akina mama saba na kompyuta yangu moja. Nilifungua picha nzuri kuliko zote. Wakapiga vigelegele. Ningefunga kompyuta hapo, tungekunywa chai tukaagana. Lakini Mama Kavugho alikuwa amesikia kwamba picha ya kamera hii inaweza kuvutwa.

"Vuta," akasema.

Nikavuta. Kola ikatokea, na uzi ukining'inia.

"Vuta tena."

Kifungo kimoja cha koti hakikufanana na wenzake. Kwenye ndevu, chini kidogo ya mdomo, kulikuwa na punje ya bugali, imekaa vizuri kama ndege kwenye kiota.

"Maskini, Muzee alitoka ku meza mbio mbio!" akapiga kelele mama mmoja, na chumba chote kikaanguka kwa kicheko. Ilikuwa karamu. Kila mmoja alitaka kuvuta, kila mmoja alipata kosa lake: huyu anataka uzi ukatwe, huyu anataka ndevu zitiwe nyeusi, huyu anataka jino lililokosekana lirudi.

"Jino hapana," akasema Mama Kavugho. "Jubile ni ya Muzee, hapana ya kijana mwenye anafanana naye. Vuta ku macho."

Nikavuta kwenye macho, na kicheko kikapungua. Katikati ya jicho la kushoto, mahali panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa peupe, kama tone la maziwa lililoangukia chai.

"Kamera yako iko na buchafu," akasema Mama Kavugho.

Na mimi nilidhani hivyo, kwa sababu lilikuwa doa la namna ambayo vumbi hufanya. Vumbi likiingia ndani ya kamera, hukaa kwenye kile kioo kidogo kinachopokea mwanga, na utaliona mahali palepale kwenye kila picha, umpige askofu au upige mbuzi. Kamera ndogo haionyeshi, kubwa haifichi. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu, jilaumu mwenyewe. Piga ukuta mweupe. Kisha tazama picha za mtu yule akiwa pande mbalimbali. Doa likibaki mahali pake, ni la kamera. Doa likimfuata mtu, ni la mtu.

Nilipiga ukuta wa chumba kile: safi. Nikafungua picha zote za asubuhi, moja baada ya nyingine, na akina mama wakiinama begani kwangu. Mzee kushoto, doa kushoto. Mzee kulia, doa kulia. Likamfuata kila alipokwenda.

"Basi ni ya Muzee," akasema Mama Kavugho kwa sauti ndogo. Kisha akajikaza. "Mais njo ufute. Banawake hapana weza kuvaa jicho nyeupe ku fête ya jubile."

"Naweza. Nachukua weusi wa jicho la kuume, naubandika ku la kushoto. Ni muda wa kunywa chai."

"Kunywa chai basi!"

"Mama, Muzee anasomaka masomo ku kanisa kila Dominika?"

"Kila Dominika. Bila kukwama ata neno moja."

Nikafunga kompyuta, nikaomba wanipe mpaka kesho. Msidhani nilikuwa mtakatifu. Ulikuwa udadisi tu, ule ule ulionitoa shuleni na kunitembeza nchi nzima. Nilitaka kujua mtu mwenye jicho lile anasomaje kitabu chenye herufi ndogo mbele ya kanisa lililojaa.

Nilimkuta nyumbani kwake, barazani, na kuku wakimzunguka. Alinimiminia kahawa huku ameweka kidole ukingoni mwa kikombe, ili ajue imefika wapi. Kidole kikaungua, akakitia mdomoni kama jambo la kawaida.

"Nimetoka muzuri?" akauliza.

"Mumetoka kubwa, Muzee."

Niliweka kompyuta magotini pake. Alitazama muda mrefu. "Naona mwangaza. Na kitu ya brune, kama kahawa. Ile ni koti?"

"Ni koti." Nikavuta. "Sasa?"

"Sasa naona pua. Yesu! Ni pua ya baba yangu."

Nikaendelea kuvuta, mpaka jicho la kushoto likajaza kioo chote kutoka pembe hadi pembe. Kwa kamera yangu ya zamani nisingeweza. Ningepata miraba kumi ya kijivu. Hapa kila ukope ulikuwa kama jani la ukoka. Mzee aliinamia kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. Akakifuta kwa mkono wa koti, akainama tena.

"Iyi ni mwezi mu mawingu?"

"Ni jicho yenu ya kushoto."

 Kuku mmoja akapanda kwenye mguu wake, hakumfukuza.

"Infirmier, ule muuguzi, aliniambiaka," akasema mwishoni. "Muzee, jicho inafunikwa, wende bakutengeneze. Nikamuambia: bongo, unasema uongo. Jicho ni yangu, weye njo utanieleza iko namna gani? Leo nimejionea." Kisha akasema, "Nionyeshe ingine."

Nikamletea la kuume. Lilikuwa jeusi bado, lakini pembeni ukungu mwembamba ulikuwa umeanza, kama pumzi yake kwenye kioo.

"Na iyi inaanza," akasema. "Iyi ikifungwa, nabaki na masikio tu."

Ndipo akaniambia. Jumamosi jioni redio ya kanisa husoma masomo ya Dominika. Yeye hukaa na redio sikioni, anashika kila neno, na asubuhi anasimama mbele ya kitabu, anageuza karatasi kwa wakati wake, anatamka yote kwa kichwa. Hakuna aliyejua. Mara moja tu mawe ya redio, betri zake, yalikwisha kabla ya kipindi.

"Ukafanya je?"

"Nikabasomea ya juma lenye lilipita. Nikabasomea na nguvu sana, ili mutu asipate muda ya kufikiri."

Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Alipomaliza kucheka alishika ukingo wa kompyuta kwa mikono miwili.

"Padri akijua, atanipumzisha. Catéchiste asiyesoma ni wa nini? Kupiga kengele? Kusoma njo kitu moja najua kufanya mu hii dunia. Na ile kisu mu jicho, Photo! Ata kuku banachinjaka ku shingo, hapana ku jicho."

"Muzee, bamama banataka nifute ile nyeupe. Ni kazi ndogo. Mukisema ndiyo, nafuta, na mimi sijaona kitu."

Alifikiri. Nami nawaambia, vijana, kidole changu kilikuwa tayari. Ningefuta, pagne ingependeza, na mwaka usingeisha bila ukungu ule kumaliza jicho la pili.

"Ukifuta mu picha," akasema, "kwa kichwa yangu inabaki. Hapana futa." Akaweka kompyuta pembeni. "Infirmier alisema baganga ya macho bako Kamango hii mwezi. Batoto yangu bako mbali na biashara zao. Weye uko na kazi gani kesho kutwa?"

"Sina mpango."

"Muzuri. Mutu bila mpango njo mutu mwenye nafasi."

Kwa padri alikwenda mwenyewe, siku hiyo hiyo, mimi nikimngoja nje. Baada ya muda nilisikia padri akicheka. Muzee alitoka akitikisa kichwa. "Alijua," akaniambia. "Tangu ile Dominika ya mawe ya redio. Anasema kitabu itaningojea. Mais nirudie na jicho, hapana na bongo ingine."

Akina mama walikuwa wagumu zaidi. Mama Kavugho alikasirika kwamba sikufuta, kisha akalia kidogo aliposikia sababu, kisha akakasirika tena kwa sababu pagne ilikuwa bado na jicho jeupe. "Batoto batalala na woga," akasema. Tukabishana mpaka pikipiki iliyopeleka picha yangu kwa flashi ikarudi kutoka Butembo na kipande cha majaribio, kitambaa chenye sura ya Muzee upana wa sahani. Mama Kavugho alikinyakua, akakisogeza dirishani, akatafuta jicho. Akatafuta tena. Akampa mwenzake mwenye macho mazuri.

Hakukuwa na kitu. Uzi wa pamba ni mnene. Nukta nyingi za picha huingia kwenye uzi mmoja, na doa letu lilimezwa humo pamoja na uzi wa kola, kifungo kigeni na punje ya bugali. Mzee alitazama kutoka kwenye kitambaa kwa macho mawili meusi, mpole kama siku ya komunyo ya kwanza.

"Sasa tulikuwa tunapigania nini?" akauliza Mama Kavugho.

Hilo ndilo jibu langu kwenu mnaouliza pikseli ngapi. Ulizeni kwanza picha inakwenda wapi. Ikienda kwenye pamba, makosa madogo yatalala. Ikienda kwenye karatasi ya ukubwa wa mlango, yataamka yote. Lakini hata kama inakwenda kwenye pamba, ivuteni mara moja mpaka mwisho, mtazame mtu wenu kabla ya kufuta chochote. Kuna makosa ya picha, na kuna habari za mtu, na zote mbili huja na sura moja. Pagne zile bado naziona sokoni Beni, zimepauka, na kila mara naangalia jicho.

Tulikwenda Kamango juu ya lori la mizigo, mzee akiwa mbele na dereva, mimi juu ya magunia. Kwenye kizuizi kimoja askari aliinama dirishani.

"Mobange, ozokende wapi?" akauliza kwa Kilingala, yaani mzee anakwenda wapi.

"Naenda kuchukua jicho yangu," akajibu Muzee Kambale. "Niliiacha kule."

Askari alitufungulia njia bila neno jingine. Nadhani bado anafikiri.

Hospitali ilikuwa imejaa wazee kutoka kila upande, kila mmoja na mtu wa kumshika mkono. Niligundua kwamba mtu wa kumshika mgonjwa ana kazi moja kubwa: kujibu, "Bado, Muzee," kila anapouliza kama zamu yake imefika. Walipomwita, alinikabidhi koti na rozari. "Nikipiga kelele, hapana andika," akasema. Hakupiga kelele. Nilimsikia kupitia mlango akimuuliza daktari kama na yeye alibatizwa.

Siku iliyofuata walimfungua kitambaa. Mimi nilisimama nyuma ya mganga. Mzee alipepesa jicho, akatokwa machozi, akapepesa tena.  Niliogopa kuuliza. Mganga akamwonyesha vidole, akavitaja vyote. Akamwambia arudi mwisho wa juma aangaliwe tena, na kwa sasa atoe nafasi, kitanda kina mtu mwingine. Tukatoka nje kwenye jua, yeye akiwa na kofia yangu usoni, bila kuniambia anaonaje. Nilidhani ameona kidogo tu, na hataki kunivunja moyo.

Kwa hiyo tulianza kutafuta malazi Kamango, mahali ambapo hatukumjua mtu. Nyumba ya kwanza ilijaa watu wa mpakani. Ya pili ilijaa magunia ya kakao. Ya tatu ilikuwa ya mama mmoja mwembamba aliyekuwa akimwaga maji uani.

"Chumba iko moja," akasema. "Kitanda mbili. Mbuzi anapitaka, mais halalake."

"Tunachukua," nikasema.

"Musome kwanza sheria, kiisha musiniambie hamukujua." Akatusukumia mlango.

Ukutani mwa ndani, juu ya vitanda, mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, mistari mingi iliyopinda. Nilifungua mdomo nimsomee mzee, kama mtu wa kumshika mgonjwa anavyopaswa. Muzee Kambale akainua mkono kuninyamazisha. Akavua kofia. Akasimama wima pale mlangoni, mikono miwili mbele yake kana kwamba imeshika kingo za kitabu, akapitisha jicho lake kwenye mstari wa kwanza, na kwa sauti ile inayofika mpaka benchi la mwisho la kanisa, akasoma:

"Mugeni asifue soksi mu beseni ya kunawia uso. Mwenye kupika, apike inje. Mulango inafungwa giza ikiingia. Mwenye kukoroma, alale akiangalia ukuta. Mutu asimupe mbuzi sabuni."

Akashusha mikono.

Mama mwenye nyumba, ndoo bado mkononi, aliinamisha kichwa na kujibu kabla hajafikiri, kama kanisani baada ya somo:

"Tumushukuru Mungu."